Miliki na Pango: Maneno Mawili katika Historia ya Makazi ya Viunga vya Dar es Salaam

Mtu aliyehamia na watu wa nyumbani kwake katika mojawapo ya viunga vya mji wa Dar es Salaam, iwe ni Bunju au Chanika, Mbagala au Mbezi, akiulizwa habari za makazi yake hujibu kwa moja ya njia mbili. Ama husema, "Nimepanga," ama husema, "Niko kwangu." Baina ya majibu hayo pana tofauti kubwa ya heshima, ambayo kila mwenyeji wa mji huifahamu bila kufundishwa. Wa kwanza ni mpangaji, naye aweza kuambiwa ahame. Wa pili ni mwenye nyumba, na aghalabu huongeza kwamba anayo hati miliki, au yu njiani kuipata. Katika makala haya nakusudia kuonyesha ya kuwa tofauti hiyo, ijapokuwa ni ya kweli katika maisha ya watu, katika sheria ya ardhi si kubwa kama maneno yadaivyo. Tena lugha yenyewe imeweka ushahidi wa jambo hili mahali ambapo kila mtu aweza kuuona. Mwenye hati miliki hudaiwa na serikali fedha kila mwaka, na jina la deni hilo ni kodi ya pango la ardhi. Pango ni malipo ya mpangaji. Imekuwaje basi mwenye miliki akawa mtu wa kulipa pango?

Yafaa tuanze na mahali penyewe. Neno kiunga, ambalo siku hizi laandikwa zaidi kuliko linavyosemwa, kwa kale lilitaja mashamba ya miti ya matunda yaliyo karibu na mji, na kwa hiyo likataja nje ya mji, pale nyumba zinapoachana na minazi inapoanza. Unguja walikuwa na Kiungani yao, ambako wamisionari wa Kiingereza waliweka chuo. Lakini kiunga hakina kikao. Hufukuzwa na mji. Sultani Majid bin Said alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, jirani na kijiji cha Mzizima, mahali pale panapoitwa leo Kariakoo palikuwa nje kabisa. Wajerumani walihamishia makao makuu ya utawala wao hapo mwaka 1891, na sheria zao za ujenzi, na za Waingereza baada yao, zikaugawa mji kwa aina ya nyumba zilizoruhusiwa kujengwa, nao watu wakaugawa kwa majina yao wenyewe: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kariakoo lilipata jina lake kwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza walioingia mjini mwaka 1916. Hesabu ya watu ya mwaka 1957 ilikuta mjini watu 128,742. Ile ya mwaka 1967 ilikuta 272,821. Na ile ya mwaka 2022 ilikuta katika mkoa mzima watu 5,383,728. Kwa hiyo Ilala palikuwa kiunga, kisha Magomeni, kisha Sinza, na leo mtu wa Sinza husema kwamba yuko mjini, wala hakosei.

Kinyume cha mji katika Kiswahili cha pwani kilikuwa shamba. Mtu alikwenda mjini au alikwenda shamba, na hapakuwa na neno la katikati lililo imara. Jambo hili laonekana kuwa dogo, lakini msomaji aliweke akilini, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika kwenye karatasi za mauziano.

Sasa natuitazame nyumba. Mzizi wake ni ule ule katika nyumba, jumba na chumba: jumba ni nyumba iliyokuzwa, na chumba, kwa asili ya umbo lake, ni nyumba iliyodogoshwa, *ki-umba*, yaani kijinyumba. Msemaji wa leo hahisi tena udogo huo, kwa maana aweza kusema chumba kikubwa bila kujipinga. Lakini historia ya kupanga katika miji yetu ni historia ya chumba kurudi kuwa nyumba. Ile iitwayo nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Kariakoo na Ilala na baadaye Magomeni na Temeke, ilijengwa kwa mpango mmoja: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Kuta zilikuwa za miti, fito na udongo, na paa la makuti, au la mabati ya madebe kwa asiyejiweza, au la bati kamili kwa aliyejiweza. Mwenye nyumba, na wengi wao walikuwa wanawake, alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki akavipangisha. Kila chumba kilikuwa na mume, mke na watoto wao. Bwana J. A. K. Leslie, ambaye uchunguzi wake wa mji huu ulichapishwa mwaka 1963, aliyaeleza maisha hayo kwa urefu, na asomaye kurasa zake huona kwamba mpangaji wa wakati ule hakupanga nyumba: alipanga chumba, na ua ukawa wa wote. Ndiyo sababu hata leo mtu akitaka kueleza kwamba amepanga peke yake hana budi kuongeza neno, aseme "nimepanga nyumba nzima". Neno nzima lisingehitajika kama desturi isingekuwa nyumba vipande.

Kitenzi chenyewe, kupanga, kimenitia katika mawazo mara nyingi. Maana yake ya kwanza ni kuweka vitu kwa safu au kwa utaratibu, na humo mwatoka mpango, mipango, na mpangaji wa mji, yule afisa wa serikali mwenye ramani. Maana yake ya pili ni kukaa katika nyumba ya mtu kwa malipo, na humo mwatoka pango na mpangaji wa chumba. Kwamba maana ya pili ilizaliwa na ya kwanza, kwa njia ya kupatana na kupangiana masharti, ni dhana ninayoipendelea, ingawa sithubutu kuiapia. Natija yake ni kwamba Kiswahili kina neno moja kwa watu wawili ambao kwa kawaida hawapendani: mpangaji atoaye ramani na mpangaji atoaye kodi. Maofisa husema kwamba viunga vingi ni maeneo yasiyopangwa. Mwenye vyumba vyake Manzese atakwambia kwamba vyote vimepangwa tangu zamani. Kenya wameepukana na mchanganyiko huo kwa kiasi fulani, maana huko wengi husema kukomboa nyumba, kana kwamba nyumba ilikuwa imewekwa rehani, nacho ni kitenzi kizuri.

Neno kodi lina utata mkubwa zaidi, na utata huo haukuzaliwa na lugha bali na utawala. Mwaka 1898 Wajerumani walianza kutoza kodi kwa kila nyumba, rupia 3 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida ya shamba. Na Waingereza wakaendelea kutoza kwa nyumba na kwa kichwa. Kodi ya nyumba basi ilikuwa ni haki ya serikali juu ya mwenye nyumba. Papo hapo, katika mji uliokuwa ukijaa watu wa kupanga, kodi ya nyumba ikawa pia haki ya mwenye nyumba juu ya mpangaji. Lugha nyingi hutenga mambo hayo mawili kwa maneno mawili. Sisi tulitumia moja, wala sidhani kwamba ni umaskini wa lugha. Aliyekaa Kariakoo katika kiwanja cha serikali alilipa kodi ya kiwanja kwa serikali, akapokea kodi ya vyumba kwa wapangaji wake, akalipa na kodi ya kichwa. Na fedha ile ile ilipita mkononi mwake kutoka chini kwenda juu. Aliyaona malipo hayo kuwa ya jinsi moja kwa sababu yalikuwa ya jinsi moja: kila mtu alilipa kwa ajili ya kuachwa akae.

Hapa twafikia jambo ambalo wageni wengi wa sheria zetu hawakulielewa upesi, nalo ni kwamba pwani nyumba na ardhi iliyo chini yake zilikuwa vitu viwili. Mtu aliweza kumiliki nyumba katika ardhi ya mwingine, kama alivyoweza kumiliki minazi katika shamba lisilo lake, akaiuza, akairithisha, na ardhi ikabaki kwa mwenyewe. Desturi hiyo iliwapa maskini nafasi ya kujenga bila kuwa na fedha ya kununua ardhi. Nayo pia iliwaweka katika hatari. Ng'ambo ya mji wa Unguja, ambako watu wengi walijenga vibanda vyao katika viwanja vya matajiri, kodi za viwanja zilipopandishwa watu walikataa kulipa, na mgomo wa mwaka 1928 ukailazimisha serikali kutunga sheria ya kuzizuia. Mombasa, katika Majengo, nyumba bila ardhi zipo hata leo, na mashauri yake hayajesha. Nairobi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kijiji cha Pangani, ambacho wakazi wake wengi walikuwa Waislamu wasemao Kiswahili, kilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba waliokuwa wamejenga kwa fedha zao na kuishi kwa kodi za vyumba walijikuta wakiwa hawana kitu, kwa kuwa ardhi haikuwa yao. Walikuwa wenye nyumba kwa maana kamili ya neno hilo katika Kiswahili. Katika Kiingereza cha serikali hawakuwa wenye chochote.

Huku Tanganyika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliifanya ardhi yote kuwa ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu binafsi akapewa haki ya kuikalia na kuitumia kwa muda na kwa masharti. Haki za Waafrika waliokaa kwa mila zilitambuliwa waziwazi na nyongeza ya mwaka 1928, nazo pia kama haki za kukalia. Palikuwa na milki kamili chache zilizoachwa na Wajerumani. Baada ya uhuru serikali ya Mwalimu Nyerere ilizigeuza kuwa za muda kwa sheria ya mwaka 1963, na kufikia mwaka 1969 zote zilikuwa zimeingizwa katika utaratibu ule ule wa haki ya kukalia. Tangu hapo, katika Tanzania Bara, hapana raia aliye na ardhi kwa milele. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, haikuubadili msingi huo. Ardhi ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na mtu hupewa haki kwa miaka 33, au 66, au isiyozidi 99.

Karatasi inayothibitisha haki hiyo ndiyo sisi tuliyoiita hati miliki. Nasema "sisi" kwa kusudi, maana hili ni jambo la wafasiri. Hati ni neno la Kiarabu lenye asili ya mwandiko, na haina kosa. Miliki, nayo ya Kiarabu, ilifika pwani pamoja na fiqhi, na katika fiqhi wanazuoni hutofautisha kwa makini baina ya kumiliki kitu chenyewe na kumiliki manufaa yake. Mpangaji wa nyumba, kwa hesabu yao, humiliki manufaa ya kukaa kwa muda wa mapatano. Mwenye nyumba humiliki kitu. Haki ya kukalia iliyotungwa mwaka 1923 yafanana sana na fungu la pili, la manufaa. Kama wafasiri wetu wangalifuata tofauti hiyo, ambayo masheikh wa Bagamoyo na Kilwa waliijua vizuri, wangalipata neno jingine. Badala yake walichukua neno lenye nguvu kuliko yote, wakalitia katika karatasi ambayo haikuibeba nguvu hiyo. Walipofikia malipo ya kila mwaka, sheria iliwataka waseme wazi kwamba ni malipo ya kukaa, na hapo Kiswahili cha mitaani kikawashinda: wakaandika pango.

Yapo mabishano yanayoweza kuletwa juu ya hoja hii, na moja ni zito. Mwenzangu mmoja katika idara huniambia kwamba neno hupata maana kwa matumizi wala si kwa asili, na kwamba kama Watanzania milioni kadhaa wanaelewa miliki kuwa ni haki ya miaka 99, basi hiyo ndiyo maana yake. Ningekubali, kama wangeelewa hivyo. Lakini waulize. Mtu aliyejenga Tegeta atakwambia kwamba ardhi ni yake na ya watoto wake na wajukuu, na hati ni ushahidi wake. Haelewi kuwa ni ya muda; anaelewa lile ambalo neno limemwambia.

Katika miongo ya kwanza baada ya uhuru haja ya kununua ardhi haikuwa imewakalia watu wengi shingoni, kwa kuwa wengi walitazamia kwamba nyumba italetwa na serikali. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, likavunja nyumba za udongo katika baadhi ya mitaa na kujenga za matofali. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha ambayo thamani yake ilizidi shilingi 100,000, ikayaweka chini ya Msajili wa Majumba. Msomaji aangalie kwamba hakuitwa Msajili wa Nyumba. Ma-jumba ni ya ukubwa, na katika siasa ya miaka ile ukubwa wa jumba ulikuwa hatia yake. Sijui mfano mwingine wa ngeli iliyofanya kazi ya siasa kwa ufasaha kama huo. Kodi za majumba hayo zilikuwa ndogo, basi nafasi zake zikawa na thamani, na mpangaji aliyeondoka alimwachia mwingine kwa malipo ya siri yaliyoitwa kilemba. Kilemba zamani kilikuwa ada ya mwalimu au fundi mwishoni mwa mafunzo, na wengi hudhani kwamba hiyo ndiyo asili yote. Mimi naona mkono wa Wahindi pia, kwa sababu huko Bombay malipo ya namna hiyo hiyo huitwa kwa neno lao la kilemba, *pagri*, na wapangaji wa majumba ya Uhindini walikuwa na jamaa zao huko. Msajili wa Majumba aliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Benki ya Nyumba, iliyoanza mwaka 1973 kwa nia ya kuwakopesha watu wa kawaida, ilifungwa mwaka 1995. Viwanja vilivyopimwa kwa msaada wa Benki ya Dunia kuanzia mwaka 1974, huko Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, viliwafaa watumishi wengi, lakini havikutosha hata kidogo.

Aliyebaki bila kiwanja cha serikali alikwenda shamba. Hapa ndipo lile neno la kale linaporudi, na ndipo napenda kukaa zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya mji wa leo iliuzwa kwa njia hii. Mwenyeji wa Kimara au Mbagala, Mzaramo kwa kawaida, au mtu aliyenunua kwake, alikata kipande cha shamba lake na kumwuzia mgeni. Kipimo kilikuwa hatua za miguu, 20 kwa 20, au zaidi kwa mwenye uwezo. Na kama muuzaji alikuwa mrefu, mnunuzi alifurahi. Shahidi alikuwa mjumbe wa nyumba kumi, yule kiongozi wa chama aliyewekwa tangu miaka ya 1960, na baadaye mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ambaye katika mitaa mingi alizoea kudai asilimia 10 ya bei, ingawa hapana sheria iliyompa. Kabla ya sheria ya mwaka 1999 ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na bei. Kilichouzwa kihalali kilikuwa ni kile kilichoongezwa juu yake, yaani nyumba, msingi, au miti. Ndiyo maana karatasi za zamani hutaja miembe, minazi na mikorosho kwa hesabu, na huinyamazia ardhi. Desturi ya pwani ya kutenga ardhi na kilicho juu yake na sheria ya serikali zilikutana katika karatasi hizo bila ya kujuana.

Mimi nami ninayo karatasi ya namna hiyo, ya mwaka 2013. Tulikaa sebuleni kwa mwenyekiti wa mtaa, muuzaji na mkewe, mashahidi wawili, na mimi. Kijana aliyeandika alianza na neno "shamba". Mzee muuzaji akakataa, akasema shamba hulimwa na hapo hapajalimwa miaka kumi. Kijana akafuta, akaandika "kiwanja". Mwenyekiti naye akakataa, akasema kiwanja ni kile kilichopimwa na serikali na kupewa namba, naye hataki kuitwa wilayani kujibu. Wote wakanigeukia. "Mwalimu," akasema mwenyekiti, "wewe ndiye mtu wa lugha. Tuandikeje?" Nilikuwa nimerudi kutoka masomoni ng'ambo na shahada ya uzamivu katika isimu, na juu ya jambo hilo sikuwa na jibu. Tukaandika "eneo".

Baada ya miaka minne, wapimaji wa urasimishaji walipofika mtaani kwetu, yule mzee alikuwa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Watoto wake walikuja kwa adabu, wakaniambia, "Shikamoo mwalimu, hatuna ugomvi, lakini mwembe ule hukuuziwa." Nikatoa karatasi. Tukaisoma pamoja. Mwembe haukutajwa. Hawakuwa waongo wala wajanja. Walisoma karatasi yangu kama babu yao angalivyoisoma, kwamba eneo ni mahali pa kuweka nyumba, na mti ni kitu mbali. Nikaulipia mwembe.

Walio na neno rasmi walikuwa na yao. Mradi wa Viwanja 20,000, ulioanza mwaka 2002, ulipima maeneo ya mbali kama Bunju, Mbweni, Tuangoma na Kibada, na mwenye bahati akapata kiwanja chenye namba. Kwa wengine sheria ya mwaka 1999 iliweka leseni ya makazi, ya miaka michache, kwa wanaokaa katika maeneo yasiyopimwa. Leseni ni neno la unyofu: aliyepewa leseni ya kuendesha gari hadhani kwamba barabara ni yake. Labda ndiyo sababu watu hawakuipenda.

Juu ya ununuzi wa nyumba iliyokamilika sina mengi ya kusema, kwa kuwa katika viunga ni jambo la wachache. Wengi hawanunui nyumba. Hununua mahali, kisha hujenga kwa miaka. Wakati huo wote huendelea kupanga chumba na sebule kwingine, na msamiati wa nyumba yao hupita kwa daraja: msingi, boma, lenta, kupaua, na mwishowe kuhamia kabla ya plasta ili kuokoa kodi. Aliyeishiwa njiani huacha pagale, na mapagale nayo huuzwa. Madalali, ambao jina lao ni la Kiarabu na kazi yao ya kale ilikuwa mnada, huisifu nyumba bora kwa kusema kwamba "inajitegemea", maana yake haina mpangaji mwingine uani. Wanafunzi wangu hawajui kwamba mwaka 1967 neno hilo lilikuwa la Azimio la Arusha.

Hatari ya mambo haya yote ilionekana wazi mwaka 2017, pale nyumba zilizojengwa kando ya barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda magharibi, zilipovunjwa ili barabara ipanuliwe. Serikali ilisema kwamba ni eneo la hifadhi ya barabara, kwa hiyo hapana fidia. Wako waliokuwa wamekaa hapo kwa miongo, wenye karatasi za mauziano, na umeme na maji ya mashirika ya umma. Walisema kwamba walinunua. Sina shaka kwamba walinunua. Swali la sheria lilikuwa ni kitu gani walichonunua, na hilo karatasi zao hazikulijibu.

Haya yasingekuwa na uzito kwa jarida la lugha kama sheria ingebaki katika Kiingereza, kwa sababu hakimu angalirudi kwenye maneno ya mwaka 1923 na kuyatafsiri kwa kitabu. Lakini mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania na ya mahakama. Jambo hilo wengi wetu tulilipigania, nami nilifurahi. Limetuletea pia kazi ambayo hatujaianza. Miliki ikiwa ndilo neno lenyewe la sheria, wala si tafsiri, itakuwa na maana ipi: ile ya kitu au ile ya manufaa? Na pango likikaa karibu nayo katika sheria hiyo hiyo, lipi litamfasiri mwenziwe? Rai yangu ni kwamba tuliache pango mahali pake, kwa kuwa linasema kweli, na tutafute jina jingine la hati. Haki ya ukaazi lingetosha. Najua kwamba halitapendwa, na kwamba benki zinazokopesha kwa rehani ya hati zitakuwa za kwanza kulalamika.

Mwaka huo huo wa 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kwa njia ya mita za umeme, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anunuaye umeme katika nyumba za kupanga ni mpangaji, naye ndiye aliyekatwa. Serikali ilieleza kwamba wapangaji wapatane na wenye nyumba juu ya kurudishiwa. Mtaani kwetu jirani yangu aliyepanga chumba na sebule alimwendea mama mwenye nyumba na risiti zake za miezi mitatu. Mama akazitazama, akamwuliza ni za nini. "Ni kodi ya nyumba, mama," akajibu. "Kodi ya nyumba," akasema mama, "si ndiyo unayonilipa mimi?"